Kumbukumbu za Nani? Wasomaji na Tawasifu ya Bob Dylan

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliwasilisha insha kuhusu usawiri wa mji katika riwaya ya Kiswahili. Insha ilikuwa nzuri. Ila aya tatu zilizozidi nyingine zote kwa uzuri zilikuwa za mhakiki mwingine, zimepachikwa mle bila alama za mtajo na bila jina la mwenyewe. Nilimpa sufuri kama kanuni zetu zinavyoagiza. Siku mbili baadaye alibisha hodi ofisini, akaniamkia kwa adabu, akatoa kitabu mkobani na kukiweka mezani. (Kitabu nacho kilikuwa cha kuazima, jina la mwenyewe lilikuwa limeandikwa kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza.) "Mwalimu," akasema, "huyu naye alipewa sufuri, au alipewa Nobeli?"

Kitabu chenyewe ni Chronicles: Volume One, tawasifu ya mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan, iliyochapishwa na Simon & Schuster mnamo Oktoba 2004. Nilikuwa nimekisoma miaka mingi iliyopita na kukipenda. Swali la kijana yule lilinilazimu kukisoma upya, na safari hii nikafuatilia pia yale ambayo wasomaji wengine wamekisema. Nimekuta wamegawanyika vikali. Aidha, nimekuta kwamba ugomvi wao unatugusa sisi tunaosoma na kufundisha tawasifu kuliko nilivyodhani.

Kwa msomaji asiyemfahamu Dylan, nieleze kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1941 mjini Duluth, jimbo la Minnesota, akaitwa Robert Zimmerman. Alifika New York mwanzoni mwa 1961 akiwa na gitaa na hazina ya nyimbo za kiasili alizojifunza kutoka kwenye santuri. Kabla ya miaka mitano kwisha alikuwa ametunga nyimbo zilizokumbatiwa na wapigania haki za watu weusi, kisha akawaudhi mashabiki wale wale kwa kupanda jukwaani na gitaa la umeme katika tamasha la Newport mwaka 1965 na kuingia moja kwa moja katika muziki wa roki. Mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, jambo lililozua mjadala mwingine ambao sitaki kuufufua hapa.

Kwa hiyo kitabu kilipotoka, kila shabiki alikuwa tayari na orodha ya anayotaka kuyajua. Alitaka siri za miaka ya 1965 na 1966, ile ajali ya pikipiki ya 1966, ndoa iliyovunjika, na kuokoka kwa Dylan mwishoni mwa miaka ya 1970.

Hayo hakuyapata. Kitabu kina sura tano tu. Mbili za kwanza na ile ya mwisho zinahusu ujana wake na miezi ya awali mjini New York, kabla hajawa mtu wa kujulikana. Sura ya tatu inaruka hadi mwaka 1970, wakati wa albamu ya New Morning, na ya nne inaruka tena hadi 1989, alipokuwa New Orleans akirekodi Oh Mercy pamoja na mtayarishaji Daniel Lanois. Albamu ambazo dunia inamkumbukia zimepitwa kama kijiji kisicho na kituo cha basi. Hata "mke wangu" anayetajwa katika sura ya tatu si "mke wangu" wa sura ya nne, maana kati ya sura hizo mbili kulikuwa na talaka na ndoa nyingine, nasi hatuambiwi. Msomaji asiyejua historia ya ndoa za Dylan atadhani ni mama yule yule, amevumilia miaka ishirini.

Malalamiko ya kwanza ya wasomaji basi yakawa hayo: tumenyimwa. Wapo waliosema kwamba mtu akiuza maisha yake dukani sharti auze yaliyo na thamani, si mabaki. Kwa upande mwingine, wahakiki wengi wa magazeti walikisifu, na kitabu kikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya chama cha wahakiki wa vitabu nchini Marekani katika kitengo cha wasifu na tawasifu. Waliokisifu walivutiwa na yaleyale yaliyowachukiza wenzao. Badala ya orodha ya ushindi, walipata kijana mwenye baridi akichambua vitabu katika nyumba ya watu, akiingia maktaba kusoma magazeti ya miaka ya 1855 hadi 1865 ili aielewe nchi yake, akisikiliza santuri moja hadi akajua kila pumzi ya mwimbaji. Walipata pia mtu mzima wa sura ya nne ambaye sauti imemchoka, haziamini tena nyimbo zake, na anatafuta namna mpya ya kupiga gitaa.

Katika shauri hili la kwanza nasimama na mwandishi. Tawasifu haikuahidi kutuambia kila kitu. Wala hakuna aliyewahi kuandika kila kitu. Sisi tunaosoma Kiswahili tulipaswa kulielewa hili mapema. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, alikatiza masimulizi ya nathari akatia tenzi za kuwausia wanawe, na sijapata kumsikia mwanafunzi akidai arudishiwe pesa zake. Hata katika Wasifu wa Siti binti Saad, ambao kwa wengi wetu ndio mfano wa kwanza wa maisha ya mwanamuziki kuandikwa kwa Kiswahili, anayetaka kujua jinsi ile sauti ya taarabu ilivyofinyangwa atapewa zaidi habari za tabia, subira na hadhi ya binti yule. Tunakubali kwamba mwandishi alichagua. Kwa nini basi tusimkubalie Dylan kuchagua? Sura ya tatu yenyewe inatoa sababu. Anasimulia jinsi watu wasiojulikana walivyovamia nyumba yake huko Woodstock, wakitaka awe nabii na msemaji wa kizazi kizima, ilhali yeye alitaka kulea watoto tu. Mtu aliyeteseka kwa sababu ya miaka ile ana haki ya kutoifungua milango yake tena kwa ajili yetu.

Malalamiko ya pili ni mazito kidogo. Katika sura ya pili Dylan anaeleza kwa mapana jinsi alivyokaa katika nyumba ya watu wawili, Ray Gooch na Chloe Kiel, waliokuwa na maktaba ya ajabu: Thucydides, Clausewitz, washairi, wanafalsafa. Hapo ndipo, kwa maelezo yake, akili yake ilipofunguka. Watafiti ambao wamezifuatilia nyayo za Dylan kwa miongo wamewatafuta wawili hawa wasiwapate, na wengi wanaamini kwamba ni wahusika wa kubuniwa, au watu kadhaa waliofumwa pamoja. Shaka kama hiyo imeelekezwa kwa Sun Pie, mzee mwenye duka ambaye Dylan anasema alikutana naye alipokuwa akizurura kwa pikipiki nje ya New Orleans.

Hapa wasomaji waligawanyika tena. Wenye kusoma tawasifu kama ushahidi waliona wamedanganywa. Wenye kuisoma kama fasihi walisema, na iwe hivyo, kwani wahusika hao wanabeba ukweli wa hali hata kama hawakupata kuzaliwa. Lazima niseme kwamba Dylan hakuficha kabisa mkono wake. Mahali fulani kitabuni anadokeza kwamba aliwahi kurekodi albamu nzima kutokana na hadithi fupi za Chekhov, na wahakiki wakadhani ni habari za maisha yake mwenyewe, naye hakujali. Wengi wanaamini anaisemea Blood on the Tracks ya 1975, albamu ambayo mashabiki waliisoma kama shajara ya ndoa inayokufa. Ikiwa ni kweli, basi ametuambia waziwazi kwamba "mimi" anayeimba si lazima awe "mimi" anayelipa kodi ya nyumba. Na ikiwa ni mzaha, ametuonyesha kwamba anaweza kutania hata ndani ya tawasifu. Kwa vyovyote vile, msomaji makini ameonywa.

Nakiri kwamba mambo ya Ray na Chloe hayakuniudhi sana. Yananifanya niwe mwangalifu, basi. Yaliyoniudhi ni ya tatu, ambayo ndiyo kijana wangu aliyaleta mezani.

Kuanzia mwaka 2006 hivi, wasomaji wenye kumbukumbu kali walianza kutambua ndani ya kitabu sentensi walizozisoma kwingine. Baadhi zilitoka kwa Mark Twain, nyingine kwa Marcel Proust na kwa Jack London. Nyingine zilitoka katika Really the Blues, tawasifu ya mwanamuziki wa jazi Mezz Mezzrow iliyotoka mwaka 1946. Hata toleo la gazeti la Time la mwaka 1961 lilichotwa maneno ya kuelezea hali ya miaka ile. Aliyechimba zaidi ni Scott Warmuth, mtangazaji wa redio kutoka New Mexico, ambaye mwaka 2010 alichapisha makala ndefu katika New Haven Review akionyesha sentensi kwa sentensi. Hakuna tanbihi kitabuni, wala ukurasa wa shukrani unaowataja wenye maneno.

Mwitikio wa wasomaji kwa ugunduzi huu ndio ulionistaajabisha. Baadhi walikasirika na kukitupa kitabu. Lakini wengine walifurahi! Waliona kitabu kimegeuka fumbo, kila ukurasa una mlango wa siri, na mwandishi amewaachia funguo makusudi. Na lipo kundi la tatu, ambalo hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu ina mizizi katika taaluma yetu wenyewe. Hawa wanasema Dylan ni mtu wa mapokeo. Nyimbo za kiasili za Marekani hukua kwa kuazimana: huyu huchukua lahani ya yule, akaondoa ubeti, akatia wake, naye mwingine akachukua kutoka kwake. Dylan mwenyewe alipoulizwa na Rolling Stone mwaka 2012 alijibu kwa ukali kwamba kuchukua namna hiyo ni sehemu ya mapokeo hayo.

Sisi tuliokaa vijijini na kinasa sauti tukikusanya nyimbo za jando, za harusi na za mavuno hatuwezi kuicheka hoja hii. Fanani hutumia fomula zilizokuwepo kabla yake. Hakuna anayemwuliza bibi anayesimulia ngano ya sungura na fisi kwamba amepata wapi, wala manju haombi ruhusa ya kutumia kiitikio ambacho nyanya yake alikitumia. Kwa hiyo linapokuja suala la nyimbo, mimi niko upande wa Dylan. Ilipobainika mwaka 2003 kwamba albamu yake ya "Love and Theft" ya 2001 ilikuwa na mistari iliyofanana na maneno ya kitabu cha mwandishi wa Japani Junichi Saga, Saga mwenyewe alisema amefurahi. Jina lenyewe la albamu, linalozungumzia mapenzi na wizi, lilikuwa limekwisha kukiri.

Ila fanani hufanya kazi yake mbele ya hadhira inayokijua chanzo. Bibi akianza ngano, wajukuu wanaijua kabla hajaimaliza, na utamu uko katika kuona safari hii ataipinda wapi. Kuazima hakuna siri kwa sababu wote ni wenye mali. Msomaji aliyenunua Chronicles mwaka 2004 hakuwa katika nafasi hiyo. Alikuwa peke yake na kitabu, na kitabu kilimwambia: nakumbuka, niliona, nilihisi. Mfaransa Philippe Lejeune, ambaye nadharia yake ya mwaka 1975 wengi wetu tumeitumia katika tasnifu, anayaita haya mapatano ya tawasifu: jina lililo kwenye jalada, msimulizi, na mhusika mkuu ni mtu mmoja. Ni kwa nguvu ya mapatano hayo ndipo tunaposoma sentensi dhaifu ya tawasifu kwa huruma ambayo hatungempa mwandishi wa riwaya. Tunasema, masikini, ndivyo alivyohisi. Sasa ikiwa maneno ya kuelezea alivyohisi Dylan ni ya Mezzrow, ambaye naye alikuwa akisimulia maisha yake mwenyewe, basi huruma yangu imepelekwa kwa mtu asiye mwenyewe. Kumbuka tena kwamba hapa si wimbo ulioazimwa. Ni kumbukumbu.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mapokeo hulipita haraka. Nyimbo za kiasili hazina mwenyewe. Nyimbo za Dylan zina mwenyewe, na zina bei. Mnamo Desemba 2020 aliuza haki za zaidi ya nyimbo 600 kwa kampuni ya Universal. Simlaumu kwa kuuza, kwani jasho ni lake. Lakini haiwezekani mali iwe ya kijiji wakati wa kuchukua, kisha iwe na hakimiliki wakati wa kuuza. Manju wetu hajawahi kuuza kiitikio.

Niseme pia lililonipata mimi binafsi. Katika nakala yangu ya zamani nilikuwa nimepigia mstari kwa penseli sentensi kadhaa nilizoona zinadhihirisha jicho la Dylan la kuona vitu vidogo. Niliwahi hata kuzisoma darasani. Nilipolinganisha na orodha za wachunguzi, nilikuta mojawapo imo. Bado ni sentensi nzuri. Haikupungua hata herufi moja. Ila nilipoirudia nilijikuta sijui nimsifu nani, na penseli yangu ilionekana kama ya mtu aliyempigia makofi aliyesimama kando ya mwimbaji.

Je, hili linafuta kitabu chote? Hapana, nami siungani na waliokitupa. Sura ya kwanza inayofunguka kwa Dylan kupelekwa na Lou Levy, mchapishaji wa muziki, katika mkahawa wa bingwa wa ndondi Jack Dempsey, naye Dempsey akadhani kijana huyu mwembamba ni bondia, ina ucheshi wa mtu anayejicheka mwenyewe. Mpangilio wa sura, kule kuanza na kumalizia na kijana asiyejulikana, ni wake. Kadhalika zile kurasa za New Orleans kuhusu jinsi wimbo unavyokataa kurekodiwa: sijasoma mwanamuziki yeyote aliyeeleza kushindwa kwa subira namna ile. Ndiyo maana linaniuma. Kitabu hiki hakikuhitaji kuazima kimyakimya, na ukurasa mmoja wa kuwataja wenye maneno haungempunguzia chochote. Mchapishaji angeweza kuutia katika chapa yoyote ya baadaye.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye lawama yetu sisi. Katika kozi zetu tawasifu tunaiweka katika nathari ya kubuni au jirani yake, tunafundisha wahusika na mtindo wake. Mtihani ukifika tunauliza maisha ya mwandishi yameathirije kazi zake, nao wanafunzi wananukuu tawasifu yake kama vile ni hati ya kiapo mahakamani. Hatuwezi kuitumia kwa njia zote mbili bila kumwambia mwanafunzi ni lini tunabadilisha. Nimesahihisha insha nyingi kuhusu Shaaban Robert ambamo kila neno la Maisha Yangu lilichukuliwa kuwa tukio, na sikuwahi kuandika swali pembeni. Mkanganyiko wa wasomaji wa Dylan ni wetu pia, ila wao waliulipia bei ya kitabu.

Nilimweleza kijana yule mengi ya haya, pengine mengi mno, kwani nilimwona akitazama saa. Aliniuliza tena lile la Nobeli. Nilimwambia kwamba hata mhadhara wa Nobeli ambao Dylan aliutoa mwaka 2017 ulizua maneno, kwa sababu mwandishi mmoja wa Marekani alionyesha kwamba sehemu zake kuhusu Moby-Dick zinafanana kwa karibu na muhtasari wa SparkNotes, yaani ule mwongozo ambao wanafunzi husoma wasipotaka kusoma riwaya. Alicheka kwa sauti. "Kumbe na yeye anasoma mwongozo!" Nikacheka pia, kisha nikamwambia sufuri inabaki.

Hakuridhika, na sikumlaumu. Alisema kwamba mtu mashuhuri akichukua, watu huandika makala za kusifu ustadi wake, lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili akichukua huitwa mbele ya kamati. Ni kweli, na sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba mimi nasahihisha karatasi yake, si ya Dylan. Tulikubaliana aandike insha nyingine: achukue kurasa kumi za Chronicles, aonyeshe palipoazimwa na pasipoazimwa, na aniambie kama sauti ya msimulizi inabadilika pale mpaka unapovukwa. Amekwisha kuleta rasimu ya kwanza. Ina tanbihi thelathini na mbili, na katika aya ya nne hakubaliani nami kuhusu Ray na Chloe.